Bei ya Wati Tano

Kerekoppa, kupitia Sirsi
19 Februari 1989

Mpwa wangu Nagaveni,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mkaza mjomba wako Bhageerathi mpaka Kapile, ng'ombe wetu, ambaye amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso utadhani amepigwa muhuri wa posta. Sisi ni wazima. Goti la mkaza mjomba wako linalalamika kuliko mwenyewe, na wewe unajua mwenyewe analalamika kiasi gani. Mapopoo tumemaliza kuyamenya na kuyachemsha, sasa yako juani. Mama yako nilimwona kwenye harusi kule Sagara. Amenawiri, na bado anauliza kwa nini msichana aliyesoma fizikia anashinda kiwandani akichomelea nyaya kwa risasi. Nilimwambia unachomelea kwa sababu unapenda. Hakuridhika.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Shripad, kama unavyojua, yuko kule kwenye barafu, mwisho wa dunia upande wa kusini, anatunza majenereta ya kituo cha nchi yetu. Meli imewaacha huko na kugeuza, na hakuna meli nyingine mpaka mwisho wa mwaka. Barua haziendi. Nimeshazoea.

Lakini nilisoma kwenye jarida letu la wana-redio kwamba mwendeshaji wa redio wa kituo hicho ni mtu wa mchezo huu wetu, na Jumapili baada ya chakula cha mchana hukaa hewani kwa alfabeti ya Morse, kwenye masafa ya mita kumi na tano, akizungumza na yeyote anayemsikia. Nikafungua redio yangu ya kupokelea. Nimemsikia, Nagaveni! Nukta na mistari, sauti nyembamba, inatoka mahali ambapo hata jani halioti, inapita juu ya bahari yote ile, halafu inakuja kuingia kwenye waya niliofunga kwenye mipopoo ya babu yako. Kalamu ilinidondoka. Mkaza mjomba wako aliniuliza kama nimeumwa na nge.

Shida ni kwamba mimi nasikia tu. Mtambo wangu wa kurushia uliunguzwa na radi mwaka juzi, na leseni ninayo inakula vumbi. Ninyi hapo kiwandani mnatengeneza mtambo wa wati ishirini. Niandikie bei yake. Usimwambie Bwana Kamath kwamba anayeuliza ni mjomba wako, ataongeza.

Sina mengi ya kumwambia Shripad. Nina sentensi moja tu.

Je, alipita kwako kabla hajaondoka? Meli aliipandia Goa, na kutoka kwetu Goa ni safari ya asubuhi moja. Ningekwenda kumuaga, ila nilikuwa na shughuli ya mapopoo.

Mjomba wako,
Subraya Hegde


Malleswaram, Bangalore
12 Machi 1989

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako ilinikuta na mafua, nikaisomea juu ya sufuria la mvuke, nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kuna nini. Sasa nimepona. Maji ya bomba hapa yanakuja leo, kesho hayaji, na siku yanayokuja mtaa mzima unaamka na ndoo. Mwambie mkaza mjomba kwamba achari yake ya maembe machanga imebaki kidogo sana chini ya chupa, nami naila kwa kuiangalia.

Kuhusu bei, kaa chini kwanza. Mtambo wa wati tano unauzwa bei ya baiskeli nzuri iliyotumika. Wa kumi, baiskeli mbili. Wa ishirini, mjomba, ni bei ya Kapile pamoja na ndama wake mwenye muhuri.

Nilimwuliza Bwana Kamath bei anazipangaje. Akanitazama kama nimeuliza maji yanalowesha vipi. Akasema, "Saruji unanunuaje, binti? Kwa mfuko. Mifuko mingi, pesa nyingi. Mimi nauza wati. Shida yako iko wapi?" Na masanduku nayo yanakwenda hivyo hivyo. La tano ni kama kopo la chakula cha mchana, la ishirini ni karibu ukubwa wa kinanda cha hekaluni.

Kazi yangu sasa ni kuijaribu mitambo kabla haijafungwa. Kitu kinachofanya kazi yote ndani ni transista moja ndogo, inalingana na mbegu ya ukwaju. Naiweka kwenye kipimo, nabonyeza, sindano inapanda, na kila siku najiambia: hii mbegu inaweza kupeleka neno la mtu Brazili. Wenzangu wameshazoea. Mimi bado, na sitaki kuzoea.

Niandikie unataka upi.

Mpwa wako,
Nagaveni


Kerekoppa
10 Aprili 1989

Mpwa wangu,

Mwaka wetu mpya umeingia salama. Tumekula mwarobaini na sukari guru kama inavyopasa, chungu na tamu pamoja, ingawa mkaza mjomba wako mwaka huu aliweka mwarobaini kwa mkono wa hasira. Ndama anakua. Moto uliteketeza majani makavu ya jirani, kwetu haukufika.

Bei yako niliisoma kwa sauti mezani. Mkaza mjomba wako akasema, "Vizuri. Muuze Kapile, halafu asubuhi utatia wati kwenye chai." Kwa hiyo nunua wa wati tano. Pesa nimempa kondakta wa basi la Sirsi, yule mwenye masharubu. Huyo namwamini.

Usimkasirikie sana Kamath. Na sisi tunaishi hivyo hivyo. Mpopoo mmoja, kole moja la matunda, lakini popoo lililokatwa changa lina jina lake na bei yake, na ndugu yake aliyeachwa akaiva juani ana jina jingine na bei nyingine, na wanaopanga ni watu waliokaa kwenye matakia sokoni Sirsi wakitafuna tambuu. Shripad alikuwa akilalamikia hilo tangu akiwa mdogo. Siku ya mwisho alisema bustani hii ni ya mtu anayetaka kuzeeka kabla ya wakati. Nami nikasema ya kwangu, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya kijito waliisikia. Tangu hapo hatujasemezana.

Hukunijibu kama alipita kwako. Labda karatasi iliisha.

Mjomba


Bangalore
26 Aprili 1989

Mjomba,

Kwa haraka, kondakta anasubiri. Mtambo ni huu. Nimeujaribu kwa mkono wangu na nimeandika jina langu kwa penseli ndani ya kifuniko. Unataka betri ya volti kumi na mbili, ya trekta inatosha. Usizigeuze nyaya, nyekundu ni nyekundu.

Mimi ni mzima. Msalimie mkaza mjomba sana.

Karatasi haikuisha.

Nagaveni


Kerekoppa
21 Mei 1989

Mpwa wangu Nagaveni,

Salamu, na tusamehe kuchelewa. Ni majira ya maembe machanga ya mtoni, na mkaza mjomba wako ameijaza nyumba mitungi ya chumvi hadi mimi nalala ukumbini. Chupa yako ipo. Mama yako ametuma neno kwamba amekupatia mchumba, mhandisi wa barabara. Mimi nimekutumia neno hilo tu, sijasema lolote.

Mtambo umefika mzima. Sasa nisikilize. Wewe unajua mtu wa popoo hawezi kupokea kitu bila kukipima. Nikaupeleka kwenye mizani yetu. Nikashangaa: kitu kidogo hivi, uzito huu unatoka wapi? Nikafungua. Nagaveni, chini ya bodi kuna kipande cha chuma, kinene kama kidole, kimefungwa kwa skrubu mbili, hakikuunganishwa na waya wowote! Nilicheka mpaka machozi. Sokoni Sirsi tunao watu wanaolowesha popoo usiku ili liwe zito asubuhi, na hapa nimekutana na ndugu yao wa Bangalore. Mkaza mjomba wako amekichukua hicho chuma, anakandamizia achari. Anasema ndicho kitu pekee cha maana kilichomo ndani ya sanduku.

Kicheko kimeishia hapo. Kila Jumapili nakaa, nabonyeza, naita. Hawanisikii. Wanasema mwaka huu jua lina madoa mengi na hewa ya juu imefunguka kama haijapata kufunguka, na kweli, nawasikia Wajapani, Waitaliano, mtu mmoja wa Chile, wote wanakiita kituo kile kwa wakati mmoja, mahali pamoja kwenye masafa, kila mmoja na wati zake elfu. Kituo kinawajibu mmoja mmoja. Namsikia mwendeshaji akiwashukuru. Mimi nimo katikati yao na wati zangu tano, mbu kwenye harusi yenye ngoma. Mwanangu labda amekaa kwenye kiti cha pili kutoka kwa huyo anayebonyeza, na mimi simfikii.

Kwa hiyo nimeamua. Kuna mtu wa ng'ambo ya kijito anaitwa Timma, anamtaka Kapile. Atakuja kumchukua mwanzoni mwa Juni. Niwekee wa wati ishirini. Mkaza mjomba wako hasemi na mimi. Anaongea na ng'ombe.

Na kofia za mapopoo bado hazijafungwa, usiniulize. Mvua iko mlangoni, na kila kole lisilovishwa kofia yake litaoza. Bira, mpandaji wetu, amekwenda Goa kujenga mahoteli. Kabla yake aliyekuwa akipanda ni Shripad. Alikuwa akiruka kutoka mpopoo hadi mpopoo bila kushuka chini, mama yake akiwa chini amefumba macho.

Kwa mara ya tatu: alipita kwako?

Mjomba wako, Subraya


Bangalore
1 Juni 1989

Mjomba,

Salamu nitazileta mwishoni. Usimuuze Kapile! Nasema tena, usimuuze. Soma barua hii mpaka chini, kisha itie jikoni kwenye moto, maana ikifika mikononi mwa Bwana Kamath mimi nitarudi Sagara kuolewa na mhandisi wa barabara.

Wiki iliyopita tuliishiwa bodi za wati ishirini na kulikuwa na mteja anangoja. Fundi mkuu akachukua bodi ya wati tano kutoka rafu nyingine, akaishika dakika mbili na pasi ya risasi, akaniletea. "Ijaribu." Nikasema umekosea, hii ni ya tano. Akasema, "Ijaribu tu, dada." Nikaiweka kwenye kipimo, nikabonyeza. Sindano ikafika tano. Haikusimama. Ikapita kumi, ikapanda taratibu mpaka ishirini, ikatulia pale, na ile mbegu ya ukwaju wala haikuhema. Nilikuwa nimezipima mamia kama hiyo, nikidhani nazijua.

Nilikwenda kwa Bwana Kamath na bodi mbili mkononi.

"Hizi zina tofauti gani, bwana?"

"Hiyo ya tano, hiyo ya ishirini."

"Naziona pacha."

"Pacha, ndiyo. Mmoja ameolewa kwa tajiri." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akafunga mlango.

Akaniambia mwaka wake wa kwanza alitengeneza wa wati ishirini tu, kwenye sanduku dogo, kwa bei ya haki. "Walikuja, wakaushika, wakaupima hivi kiganjani, wakaurudisha. 'Mwepesi huu, Kamath. Wati ishirini zimekaa wapi?' Miezi sita, vumbi. Nikanunua sanduku kubwa. Nikatia chuma. Nikapandisha bei. Mitambo ikaisha kabla ya sikukuu ya Dasara. Sasa niambie wewe uliyesoma, hapo mwongo ni nani?"

Nikasema lakini wa tano umeufunga mdomo kwa makusudi.

"Nimeufunga. Nikiuza yote kwa bei ya ishirini, mwalimu wa kijijini hanunui, anakaa kimya maisha yake yote. Nikiuza yote kwa bei ya tano, nafunga kiwanda, na mwalimu vilevile anakaa kimya. Mwenye pesa ananunua ukubwa, ananilipia mkate. Mwalimu ananunua sauti. Kitu ni kile kile, binti. Mimi nauza kile mtu anachoweza kuamini."

Nilitoka pale sijui kama nimkasirikie au nimwinamie. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba kila mtambo mdogo ninaoufunga una mkubwa ndani yake, umenyamaza, na anayeununua hajui.

Basi fanya hivi. Fungua kifuniko chenye jina langu. Karibu na koili ya njano kuna rezista moja yenye pete ya dhahabu, imesimama peke yake, ndiyo inayoubana umeme. Chukua waya mfupi, uunganishe juu yake mwanzo hadi mwisho. Basi. Utakuwa na wati ishirini, na Kapile zizini.

Mkumbatie mkaza mjomba. Niandikie haraka.

Nagaveni


Bangalore
22 Juni 1989

Mjomba,

Hakuna jibu. Gazeti linasema mvua imekuja na ghadhabu huko kwenu, madaraja yamekwenda, nyaya za umeme ziko chini. Sijui kama mko salama, sijui kama Kapile bado yupo, sijui kama barua yangu imefika au inaelea mtoni. Naandika hii kwa kubahatisha, na kwa kuwa silali vizuri, nitakuambia lile uliloniuliza mara tatu.

Alipita. Ilikuwa Novemba, asubuhi, joto la Bangalore, na yeye amebeba koti la manyoya mkononi, watu wote wa mtaa wanamtazama. Hakukaa. Alikunywa kahawa amesimama. Akaniuliza, "Baba siku hizi anakaa wapi hewani?" Nikamwambia akipata mtambo tena, ni pale pale pa zamani, pembeni, chini kidogo ya mahali wanapojazana watu, Jumapili baada ya chakula. Akaandika kiganjani kwa kalamu. Akasema, "Huko nitamwomba mwendeshaji asikilize pale, kila Jumapili, mwisho wa zamu, kabla ya kuzima."

Nikamwambia ngoja nimwandikie mjomba leo hii. Akanishika mkono. "Usithubutu. Ukimwambia atakuja kwa sababu ameitwa. Mimi nataka kuona kama atakuja mwenyewe."

Nikaahidi. Mnafanana ninyi wawili, mnaudhi. Mjomba, anakusikiliza. Amekuwa akikusikiliza muda wote huu. Hama hapo katikati, nenda mahali pako.

Nisamehe. Shripad atanisamehe baadaye.

Nagaveni


Kerekoppa
3 Julai 1989

Mpwa wangu Nagaveni,

Tuko hai. Daraja letu la magogo lilikwenda na maji siku za kwanza za Juni, tukawa kisiwa. Umeme haukuwepo karibu mwezi mzima, umerudi jana. Paa la zizi limevuja lakini Kapile hakulowa, maana ndama na yeye wamehamishiwa ukumbini, na mimi nimerudishwa chumbani. Kwa hiyo unaweza kukisia kwamba mkaza mjomba wako anasema nami tena. Anakusalimu. Anasema mhandisi wa barabara mwambie aje kwanza atengeneze daraja, ndipo tumtazame.

Barua zako mbili zilifika siku moja, Jumatano iliyopita, mtu wa posta alizivusha kwa kamba ndani ya kopo la maziwa. Nilizisoma mfululizo. Kisha nikakaa nazo barazani mpaka mkaza mjomba wako akazichukua mkononi mwangu akazisoma yeye. Naye akakaa.

Maana zote mbili zilikuwa zimechelewa, Nagaveni. Yote yalishatokea.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi na moja. Mvua ilikuwa imepumua kidogo. Umeme hakuna, kwa hiyo betri ya trekta ilikuwa haijachajiwa tangu daraja liende, taa yake ndogo imefifia. Lakini kwa sababu umeme hakuna wilaya nzima, hewani kulikuwa kimya namna ambayo sijapata kuisikia tangu nianze mchezo huu. Hakuna pampu ya mtu, hakuna mashine ya kusaga. Nilikuwa nasikia matone yakigusa waya wa antena, tik, tik, ndani ya masikio.

Niliita pamoja na wale wenye wati elfu. Hakuna kitu. Niliita tena. Hapo nikachoka, si kwa hasira, nilichoka tu, kama mtu anayeondoka kwenye foleni. Nikazungusha kitufe cha redio kwenda pembeni, mahali pangu pa siku zote, nikaita mara moja ili nizime.

Kituo kikanijibu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kikarudia jina langu la redio, herufi kwa herufi, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikajibu. Unajua tunavyoulizana: unasikikaje, uko wapi, nguvu kiasi gani. Nikasema Kerekoppa, karibu na Sirsi. Wati tano. Akasema, "Nguvu, rudia." Nikarudia: tano. Akasema, "Rudia tena." Nikabonyeza tano mara tatu. Nilisikia matone tu. Nikasema basi, hewa imefunga.

Halafu kibonyezo kikaanza upya, na haukuwa mkono ule. Ulikuwa mzito, wa mtu asiye na mazoezi, na mstari wa mwisho wa kila neno ulikuwa umevutwa kupita kiasi. Nagaveni, ule mstari nilimgombeza nao miaka mitatu mezani pale alipokuwa mdogo. "Mstari ni mstari, usiukokote kama jembe!" Hakuacha. Hakuna mtu mwingine duniani anayeukokota hivyo. Nilimjua kabla hajasema jina.

Nikaita mama yake. Alikuja na unga mikononi. Yeye hajui Morse, lakini alinitazama usoni, akaketi chini pale pale kando ya ndama.

Mimi nilikuwa nimeiandaa ile sentensi yangu tangu Februari. Nilikuwa naisema bustanini, naisema nikioga. Hakunipa nafasi. Mtu yuko mwisho wa dunia, nje kwao ni giza miezi mizima na upepo unaong'oa milango, hajasema na baba yake mwaka mzima, na neno la kwanza alilolituma lilikuwa: "Kofia zimefungwa?"

Kofia za mapopoo, Nagaveni! Kule kwenye barafu amekaa anahesabu majira ya mvua yetu.

Nikamjibu: "Zimefungwa."

Tukapata mengine machache, mama yake mzima, yeye mzima, ndevu zake zinaganda akitoka nje. Kisha akaanza kuzama, kila neno dogo kuliko lile lililotangulia, hadi nikabaki na matone. Nikatazama betri. Taa ilikuwa imezimika kabisa. Ile betri iliweza kubeba wati tano kwa muda ule, basi. Kama ningekuwa na zile ishirini, ingekufa nikiwa bado katikati ya umati, na ningekaa bubu wakati mwanangu ananingoja pembeni. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeuma. Bahari yote ile, mawingu yale, na kilichopita ni nguvu ambayo haiwezi kuwasha taa ya jikoni. Sijui niite nini. Mkaza mjomba wako amewasha taa ya mafuta mbele ya miungu akaendelea na unga wake, na nadhani amefanya la busara kuliko mimi.

Rezista yako yenye pete ya dhahabu nimeiona. Imesimama peke yake kama ulivyosema. Niliinama nikaitazama kwa muda, nikajua kuna kumi na tano nyingine zimelala humo, nikafunga kifuniko. Mwache Kamath na bei zake. Mimi nimenunua za tano na zimenitosha. Barua imeungua, usiwe na wasiwasi.

Ile sentensi sikuituma. Usiniulize ilikuwa nini.

Sasa kuhusu kofia. Unakumbuka nilikuandikia kwamba hazijafungwa. Kwa hiyo nilikuwa nimemdanganya. Jumatatu asubuhi Timma akavuka kijito kwa kamba, amelowa mpaka masikio, amekuja kumchukua ng'ombe. Nikamwambia, "Ng'ombe hauzwi. Unajua kupanda mipopoo?" Akasema, "Mzee, mimi nimekuja kununua au nimekuja kuajiriwa?" Nikamwambia chai kwanza. Akapanda, maskini, siku mbili, mvua ikitusubiri kwa heshima. Mkaza mjomba wako alikuwa chini anamtupia kamba na kofia. Mpopoo mmoja nilipanda mimi, ule wa kando ya kisima, ambao Shripad alikuwa akianzia. Mama yake alinitukana kutoka chini mpaka nikafika juu, na akaendelea nikishuka. Nilifunga lile kole kwa mkono wangu.

Timma alituvusha betri ng'ambo ikachajiwe kwenye lori. Jumapili iliyofuata nikakaa mahali pangu, nikaita mara moja. Akajibu. Mwenyewe, mkono ule ule. Sikumsalimu hata. Nikabonyeza: "Kofia zimefungwa."

Akasema, "Mbona uliniambia wiki iliyopita?"

Nikasema, "Hii ndiyo ya kweli."

Redioni watu wana namna ya kucheka: nukta nne, kisha nukta mbili. Unaweza kupitisha mwaka mzima usiisikie. Halafu ikaja, nukta nne, nukta mbili. Ikaja tena. Ikaja tena, mkono umemponyoka, nukta zimechanganyikana, hazihesabiki. Mama yake akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamvua Bhageerathi ushungi sikioni, nikamvisha zile spika za masikio, akasikiliza mwenyewe.

Mjomba wako,
Subraya